Kiingilio Ni 5,000, Mechi Ni 67,000

Klabu ikitangaza viingilio vya mechi kubwa, malalamiko huanza siku hiyo hiyo. Mzunguko, yaani viti vya kawaida, umepanda, VIP C haishikiki, VIP A wameachiwa wenye nazo. Wanaolalamika kwa sauti kubwa ni wakazi wa Dar es Salaam, na wana haki, kwa sababu kwao kiingilio ndicho gharama yenyewe. Shabiki wa Manundu pale Korogwe, au wa Chanika pale Handeni, mkoani Tanga, yuko kwenye hesabu nyingine kabisa. Kwake kiingilio ni moja ya gharama ndogo katika safari ya kwenda uwanjani, na hata kingepunguzwa kwa nusu asingeona tofauti kubwa mfukoni.

Makala haya yanaichambua gharama hiyo kifungu kwa kifungu. Kinachombana shabiki wa wilayani kwanza ni umbali, kisha saa ya kuanza mechi, kisha ratiba isiyoaminika. Bei ya tiketi inakuja nyuma ya hayo yote.

Hesabu ya mtu wa Korogwe

Tuanze na nauli, kwa sababu hiyo ina kanuni. Viwango vya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, vilivyoanza kutumika Desemba 2023 viliweka ukomo wa shilingi 48.47 kwa kila kilomita kwa abiria wa basi la daraja la kawaida, na shilingi 67.84 kwa daraja la kati. Ukijua kilomita, unaijua nauli bila kumuuliza mpiga debe.

Kutoka Korogwe hadi Tanga mjini kupitia Segera hakuzidi kilomita 100. Kutoka Korogwe hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 300. Kwa daraja la kawaida, Tanga ni kama shilingi 4,850 kwenda, na Dar es Salaam ni kama 14,500. Zidisha mara mbili kwa kwenda na kurudi: 9,700 kwa Tanga, 29,000 kwa Dar es Salaam.

Sasa tuchukue mechi ya kawaida ya Simba au Yanga kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, mzunguko ukiwa shilingi 5,000. Makadirio ya mtu anayebana matumizi ni haya:

Nauli ya basi kwenda na kurudi: 29,000.
Usafiri wa ndani ya jiji, kutoka stendi ya Magufuli kule Mbezi hadi uwanjani Temeke na kurudi: 3,000.
Chakula na maji kwa siku nzima: 10,000.
Kiingilio: 5,000.
Kulala, ikiwa mechi imeisha usiku na hakuna gari la kurudi: 20,000.

Jumla ni shilingi 67,000. Kiingilio ni chini ya asilimia 8 ya fedha hiyo. Klabu ikishusha mzunguko hadi 2,500, shabiki huyu ataokoa chini ya asilimia 4 ya gharama yake. Mlinganishe na mwenzake wa Temeke anayelipa 5,000 za mlangoni, 1,200 za daladala kwenda na kurudi na 2,000 za maji na karanga. Huyo gharama yake yote ni 8,200, na zaidi ya nusu yake ni tiketi. Punguzo lile lile linampunguzia karibu theluthi moja ya matumizi yake. Ndiyo maana ugomvi wa viingilio ni ugomvi wa mjini.

Uzito wa fedha hiyo unaonekana ukiupima kwa kazi. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilikiweka kima cha chini cha sekta ya kilimo katika sekta binafsi kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Gawa kwa siku 26 za kazi, unapata takriban 5,400 kwa siku. Kwa kipimo hicho cha mwaka 2023, kibarua wa mashamba ya mkonge yanayouzunguka mji wa Korogwe analipa kiingilio kwa kazi ya siku moja, lakini safari nzima inamla siku 12. Akipoteza na siku mbili za kazi kwa kuwa njiani, zinakuwa 14. Mechi moja ya dakika 90 inachukua nusu ya mshahara huo wa mwezi.

Saa ya filimbi

Katika hesabu ile, kifungu kinachoyumba kuliko vyote ni kulala. Kipo au hakipo kutegemea jambo moja: saa ambayo mwamuzi anapuliza filimbi ya mwisho, na kama baada ya hapo kuna gari.

Tangu miaka ya 1990 mabasi ya abiria yalizuiwa kusafiri usiku kucha, kutokana na ajali na ujambazi wa barabarani. Serikali iliondoa zuio hilo mwaka 2023. Wengi walilizungumzia jambo hilo kwa upande wa biashara, lakini lilikuwa pia punguzo kubwa la gharama ya mpira kwa watu wa mikoani. Mechi inayoanza saa 11 jioni inaisha kabla ya saa 1 usiku. Zamani mtu wa Korogwe au Handeni aliyetoka uwanjani muda huo alikuwa amekwisha kulichelewa gari, na alilazimika kutafuta gesti au ndugu wa kumpa mkeka. Leo anaweza kupata basi la usiku la kwenda Moshi au Arusha, akashuka Korogwe alfajiri. Zile 20,000 za kulala zimebaki mfukoni, na safari ya 67,000 imekuwa ya 47,000. Hakuna klabu iliyowahi kutoa punguzo la namna hiyo kwa kushusha kiingilio.

Kwa mtu wa Handeni kuna mtego mmoja zaidi. Mji wa Handeni hauko kwenye barabara kuu. Unaunganishwa nayo kwa lami mbili: moja ya kilomita 54 kwenda Mkata, nyingine ya kilomita 65 kwenda Korogwe. Akienda Dar es Salaam anapita Mkata, na kwa kilomita safari yake ni fupi kuliko ya mtu wa Korogwe. Tatizo ni zile kilomita 54 za mwisho wakati wa kurudi. Basi la usiku litamshusha Mkata saa 6 au 7 za usiku, na hapo atasubiri kuche au apatane na bodaboda ambaye naye anajua kwamba abiria huyu hana njia nyingine. Ukomo wa nauli wa LATRA haufiki kwenye mazungumzo hayo.

Reli nayo ipo. Treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilirejea Desemba 2019 baada ya miaka mingi ya ukimya, na mwaka uliofuata ikafika Arusha. Inapita Korogwe. Lakini ni treni ya siku chache kwa wiki, na siku hizo hazikupangwa kwa kuangalia ratiba ya ligi, hivyo shabiki anayeitegemea huenda akalipa kidogo kwenye nauli na kulipa zaidi kwenye siku za kusubiri.

Mwenyeji kwa jina, mgeni kwa nauli

Mtu anaweza kuuliza kwa nini shabiki huyu ahangaike na Dar es Salaam wakati mkoa wake una timu. Tanga ina historia nzito katika soka. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, ilianzishwa mwaka 1948 na kutwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988. African Sports, Wana Kimanumanu, ni jirani na mtani wake. Na wilaya ya Handeni yenyewe ilikuwa na timu yake Ligi Kuu: Mgambo JKT, iliyotokana na kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa ya Kabuku. Ilicheza Ligi Kuu kuanzia msimu wa 2012/13.

Ila uwanja wake wa nyumbani ulikuwa Mkwakwani, Tanga mjini. Mtu wa Kabuku aliyetaka kuiona timu iliyozaliwa kijijini kwake alisafiri karibu kilomita 100. Mtu wa Handeni mjini alisafiri kama kilomita 160 kupitia Korogwe. Kwa nauli ya leo ya daraja la kawaida, hiyo ni zaidi ya 15,000 kwenda na kurudi, mara tatu ya kiingilio cha shilingi 5,000. Kanuni za ligi zinataka uwanja wenye viwango fulani, na wilaya haikuwa nao. Matokeo yake shabiki wa timu mwenyeji alikuwa na gharama za shabiki wa ugenini kila mechi ya nyumbani. Mwisho wa msimu wa 2015/16 timu zote tatu za Tanga, yaani Mgambo, Coastal Union na African Sports, zilishuka daraja kwa pamoja. Coastal Union ndiyo iliyorudi, msimu wa 2018/19.

Mechi ikichezwa Mkwakwani, mtu wa Korogwe anafanya hesabu nyepesi: nauli 9,700, kiingilio 5,000, chakula 5,000, bodaboda ya mjini 2,000. Inafika kama 21,700, na analala kwake. Ni theluthi moja ya safari ya Dar es Salaam. Agosti 2023 neema hiyo ilikuja kwa ukamilifu wake. Michuano ya Ngao ya Jamii ilipelekwa Mkwakwani, ikiwa na Simba, Yanga, Azam na Singida Fountain Gate. Fainali ikawa watani wa jadi wenyewe, Simba ikashinda kwa penalti. Miezi miwili kabla yake, Juni, fainali ya Kombe la Shirikisho la TFF kati ya Yanga na Azam ilikuwa imechezwa uwanjani hapo hapo. Watu wa Korogwe, Muheza na Handeni waliziona mechi ambazo kwa kawaida huzifuata Dar es Salaam, kwa nauli ya kwenda sokoni Tanga.

Upepo unaweza kugeuka pia. Msimu wa 2024/25 Coastal Union iliipokea Yanga, Oktoba, kisha Simba, Machi, katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid jijini Arusha. Kutoka Korogwe hadi Arusha ni kama kilomita 340. Nauli ya kwenda na kurudi ikapanda kutoka 9,700 hadi kama 33,000 kwa mechi ambayo kwenye ratiba iliandikwa kuwa ya nyumbani. Kwa shabiki wa Wagosi wa Kaya aliyeko Korogwe, uamuzi mmoja wa kubadilisha uwanja ulimwongezea mzigo ambao kiingilio cha bure kisingeweza kuufidia.

Panga pangua

Gharama ya tatu haionekani kwenye risiti yoyote. Ni uwezekano wa kusafiri na kukuta hakuna mechi.

Mei 8, 2021 watu walikuwa wamekwisha kuingia Uwanja wa Mkapa kwa ajili ya Simba na Yanga iliyopangwa saa 11 jioni. Ikatangazwa kwamba imesogezwa hadi saa 1 usiku. Yanga ikashikilia muda wa awali, na mechi haikuchezwa. Ilikuja kupigwa Julai 3, Yanga ikashinda 1-0. Machi 8, 2025 historia ikajirudia kwa sura nyingine: Simba ilisema ilizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, ikatangaza haitacheza, na Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo siku ile ile. Ulichezwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0.

Baada ya matukio ya namna hii watu huuliza kuhusu tiketi: itarudishwa fedha yake, au itatumika mechi ikipangwa tena? Swali ni la haki, lakini kwa mtu wa Handeni ni swali la shilingi 5,000 au 10,000. Nauli aliyokwisha kuilipa hairudishwi na mtu yeyote, na mechi ikipangwa upya atailipa tena. Kwa lugha ya wachumi, shabiki wa mbali ndiye anayebeba hatari ya ratiba bila bima. Klabu ina mkataba wa udhamini, televisheni ina mechi nyingine ya kurusha, mwenye gesti na mwenye basi wamelipwa. Yeye amebaki na safari isiyokuwa na mpira.

Mtu mwenye busara hujibu hatari kwa kujizuia, na ndivyo mashabiki wengi wa wilayani wanavyofanya. Hawasafiri mpaka wawe na uhakika, na uhakika unapopatikana siku mbili kabla ya mechi, magari ya kukodi yamekwisha kuadimika na kupanda bei.

Bure isiyowafikia

Kuna wanaoamini dawa ya yote haya ni kufuta kiingilio. Jaribio lilifanyika. Juni 28, 2016 Yanga iliipokea TP Mazembe ya Congo katika Kombe la Shirikisho Afrika na kufungua milango bila malipo. Uwanja wenye viti 60,000 ulijaa mapema, na wengi wakabaki nje.

Kiti kikiwa bure hakigawiwi kwa fedha, kinagawiwa kwa foleni, na anayeshinda foleni ni yule anayekaa karibu. Mtu wa Mbagala anaweza kufika getini asubuhi. Mtu wa Korogwe aliyeondoka kwake alfajiri anafika Mbezi saa za adhuhuri. Kwa hiyo bure humfukuza msafiri zaidi kuliko bei, kwa sababu inamwondolea kitu pekee kinachomlinda, yaani uhakika kwamba akifika atakaa. Tiketi za kielektroniki, anazoweza kulipia kwa simu akiwa nyumbani, zina thamani kubwa kwake kwa sababu hiyo hiyo: zinamwezesha kununua nafasi kabla ya kununua safari.

Mpinzani wa uwanja

Mpinzani mkubwa wa uwanja katika miji kama Korogwe na Handeni ni kibanda umiza, kile cha kuonyeshea mpira kwa televisheni. Kwa shilingi 500 au 1,000 mtu anakaa kwenye benchi, anaona mechi nzima na marudio, na anatembea kwa miguu kurudi kwake. Kwa gharama ya safari moja ya Dar es Salaam ataangalia mechi 67 za shilingi 1,000, ambazo ni zaidi ya misimu miwili ya ligi ya timu moja.

Nguvu ya mpinzani huyo ina maelezo. Mei 2021 TFF na Azam Media zilitia saini mkataba wa haki za matangazo ya televisheni wa miaka 10, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fedha hizo zimezipa klabu kipato cha uhakika ambacho mapato ya mlangoni hayajawahi kutoa. Lakini televisheni inataka mechi zisigongane, hivyo zinatawanywa katika siku za kazi na saa za usiku. Ratiba inayomfaa mtazamaji wa kibandani inampandishia gharama anayetaka kwenda uwanjani. Jumanne saa 1 usiku ni muda mzuri kwa benchi la kibanda umiza cha Manundu, na mbaya kwa mtu mwenye kibarua Jumatano asubuhi.

Wenzetu walivyolitazama

Suala la kupoteza siku ya kazi kwa ajili ya mchezo ni la zamani. Agosti 1895, katika hoteli ya George mjini Huddersfield, Uingereza, klabu za raga za kaskazini zilijitenga na chama chao. Wachezaji wake walikuwa wafanyakazi wa migodi na viwanda, na kila walipocheza walikatwa ujira. Klabu zilitaka kuwafidia, chama kikakataa. Kutoka ugomvi huo ilizaliwa raga ya ligi, ile ya wachezaji 13. Mchezo huo mzima ulianzia kwenye hoja kwamba muda wa mfanyakazi una bei. Hoja hiyo ilimnufaisha mchezaji. Shabiki bado anajifidia mwenyewe.

Zipo nchi zilizoanza kumfikiria. Kuanzia msimu wa 2016/17, Ligi Kuu ya Uingereza iliweka ukomo wa pauni 30 kwa tiketi ya shabiki wa timu ngeni, kwa kutambua kwamba amekwisha kulipa nauli. Ujerumani, tiketi za klabu nyingi za Bundesliga hutumika pia kama nauli ya usafiri wa umma wa eneo hilo siku ya mechi. Nchi zote mbili zilianza kwa kuiangalia gharama nzima ya siku ya mpira, na bei ya mlangoni ikawa sehemu yake tu.

Kinachowezekana hapa

Hatuna haja ya kunakili pauni wala treni za Ujerumani. Hatua tatu zinawezekana kwa mifumo iliyopo.

Ya kwanza ni ya Bodi ya Ligi: tarehe na saa ya mechi zinazovuta wasafiri zifungwe mapema na zisiguswe. Mechi za Jumamosi saa 10 alasiri, zinazomruhusu mtu wa kilomita 300 kurudi usiku ule ule, zina thamani ya shilingi 20,000 kwa kila msafiri, na klabu haipotezi chochote mlangoni.

Ya pili ni ya klabu: kutenga sehemu ya tiketi za mzunguko kwa matawi ya mikoani, zinunuliwe kwa simu na kwa kundi, kabla hazijafunguliwa kwa wote. Tawi lenye uhakika wa tiketi 28 linaweza kukodi Kosta kwa kujiamini. Tuseme gari limekodiwa kwa 600,000 kwenda na kurudi. Kila mmoja anachangia kama 21,400, chini ya nauli ya basi, linawashusha getini bila daladala ya kati, na linawarudisha Korogwe au hadi Chanika bila mtu kukesha Mkata. Ukijumlisha chakula na kiingilio, safari ya 67,000 inashuka hadi chini ya 37,000.

Ya tatu ni ya matawi yenyewe. Bei ya dizeli hutangazwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo tawi linaweza kupatana na mwenye gari kwa hesabu badala ya kukisia. Gari la kukodi lazima liwe na kibali cha LATRA cha safari hiyo, vinginevyo punguzo lote litaishia kwenye faini ya barabarani. Na makubaliano na mwenye gari yaandikwe, yakisema wazi nani anabeba hasara mechi ikiahirishwa: malipo ya awali yawe madogo, yanayobaki yalipwe siku ya safari.

Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika, na Arusha inajengewa uwanja mpya kwa ajili ya michuano hiyo. Korogwe iko karibu katikati ya Dar es Salaam na Arusha, jambo linaloipa nafasi ambayo miji mingi haina. Mwanachama anayeweka shilingi 1,000 kila wiki katika mfuko wa tawi anafikisha gharama ya safari ya Kosta katika wiki 37. Hiyo shilingi 1,000 ni sawa na kiingilio cha kibanda umiza mara moja kwa wiki, na ndicho kiwango ambacho matawi ya Korogwe na Handeni yanaweza kuanza nacho.